Bi Nyegere Afundisha Kurina Asali

"Masikio yenu yako wapi?"

"Yako hapa!"

"Niyatie neno?"

"Litie!"

Basi hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na kazi na wakubwa wa kazi, aliishi Bi Nyegere. Ngozi yake ilikuwa nene mno. Nyuki walimchoma tangu utotoni, naye hakuwahi kujua kwamba anachomwa. Yeye ndiye aliyerina asali ya kijiji kizima.

Magoti yakaanza kumgomea. Chifu Nyati akamwita.

"Bi Nyegere, kiangazi kinakuja. Bila asali, watoto watalala njaa. Wafundishe Ngedere, Fisi na Kobe."

"Haina shida, Chifu. Kazi yenyewe nyepesi."

Siku ya kwanza aliwakalisha chini, akasema tangu asubuhi mpaka jua likafika utosini. Alieleza habari za malkia wa nyuki, na za mizinga ya babu yake.

"Mmeelewa?"

"Tumeelewa!" akajibu Fisi kabla swali halijaisha. Baada ya somo kulikuwa na mifupa.

Ngedere akapanda mtini. Akatia mkono mzingani. Akashuka upesi kuliko alivyopanda, bila kugusa tawi.

"Hawakusikiliza," akasema Bi Nyegere.

Siku ya pili akapanda mwenyewe. Nyuki wakamfunika uso mzima. Akatoa sega, akashuka. Wote wakapiga makofi.

"Mmeelewa?"

"Tumeelewa!" akasema Fisi, mfupa mdomoni.

Ngedere akapanda, akafanya vilevile alivyofanya mwalimu. Akaanguka vilevile alivyoanguka jana. Ila mara hii aliangukia jiwe.

Jioni Bi Nyegere akaenda kumjulia hali. Jicho moja lilikuwa limezibwa na uvimbe.

"Mwanangu, ulikosea wapi?"

"Sikukosea, mama. Nilifanya kama wewe. Lakini wewe nyuki hawakuumizi. Sisi wanatuumiza."

Bi Nyegere akautazama mkono wake. Akaufinya. Hakusikia kitu.

Ngedere alipopona, wakakutana mara ya tatu. Bi Nyegere hakuhutubia. Aliweka mzinga mtupu chini.

"Ngedere, unaogopa nini?"

"Nyuki."

"Kobe?"

"Mti."

"Fisi?"

"Mimi nimeelewa."

"Sikukuuliza hilo. Fukiza moshi."

Fisi akawasha nyasi kavu. Moshi haukutoka, masharubu yakaungua.

"Tena, kwa nyasi mbichi."

Akarudia na kurudia, mpaka moshi ukapanda mzito. Ngedere akajifunza kuungoja moshi uwalegeze nyuki. Kobe akajifunza kupokea sega chini, bila kupanda popote. Walirudia hivyo kwenye mzinga mtupu hadi mikono ikazoea.

Ndipo wakaenda kwenye mzinga wenye nyuki. Bi Nyegere alisimama kando, kanyamaza. Katika kazi zote alizowahi kufanya, hiyo ndiyo iliyomtoa jasho.

Fisi akafukiza. Ngedere akangoja, akatoa masega, akawaachia nyuki sehemu yao, akateremsha kwa kamba. Kobe akapokea. Nyuki mmoja tu ndiye aliyemchoma Ngedere sikioni.

"Pole, mwanangu. Inauma vipi?" akauliza Bi Nyegere. Akakaa kusikiliza jibu lote.

Kiangazi kikaja, watoto wakala asali.

Basi, wewe uliyepewa watu uwafundishe kazi, uwajue kwanza, na ujue kinachowashinda. Kisha waache wafanye wenyewe mbele yako. Na wakikuambia wameelewa, usiende nyumbani bado.

Ngano yangu naitua hapa. Ikiwanogea, nendeni nayo. Isipowanogea, nirudishieni mwenyewe.