Kwa Nini Kuku Hamwachi Mwenzake Anayetoka Damu

Apa kwanza. Weka mkono kifuani useme humwambii mtu, si mumeo, si shoga yako, wala yule fundi cherehani anayejua kila linalopita mtaani. Umeapa? Haya. Na mimi niliapishwa hivyo hivyo, sasa sogea nikuambie, maana siri hii ikikaa tumboni inawasha. Ni aibu ya kuku, na wenyewe hawapendi itajwe.

Zamani hizo kuku hawakukaa na watu. Walikuwa na nchi yao nyuma ya mashamba ya mtama, na walikuwa na mfalme, jogoo mrefu jeuri aliyeitwa Kuchi. Yeye na wanawe tu ndio waliokuwa na kilemba chekundu kichwani. Wekundu ulikuwa wao, na raia akiuona kwa mbali huinamisha shingo. Sheria ya nchi ilikuwa moja: mdomo wa mfalme kwanza. Kuchi adonoe mpaka ashibe, wanawe wadonoe mpaka wacheue, ndipo raia waje waparue vumbi.

Katika raia hao alikuwamo Chausiku, kuku mweusi tii, mjane, na mpenda kujua kupita kiasi. Wenzake wakisikia jambo hulala nalo. Yeye usingizi haumjii mpaka ajue limeanzia kwa nani. Mvua zilipogoma na mtama ukawa haba, vifaranga vyake vilikwisha kimoja kimoja, akabakiwa na binti mmoja, Sikudhani, tembe mweupe kama pamba. Huyo ndiye aliyekuwa roho yake.

Siku moja raia wamejipanga jua kali, wanamtazama Kuchi akila, ikatoka sauti nyuma. Alikuwa Bi Kidimu, yule mwenye manyoya yaliyopinda pinda kama aliyetoka kugombana na upepo.

"Jamani, hivi huyu bwana mdomo wake ni wa chuma na yetu ni ya ugali?"

Akacheka mmoja, wakacheka wote. Na njaa ikichanganyika na kicheko, hofu inakosa pa kukaa. Walimwendea Kuchi kwa pamoja, mtetea na jogoo, wazee na tembe, wakamdonoa mpaka kilemba kikaanguka. Hakuinuka tena. Wanawe walikimbilia porini, na raia wakala mtama bila foleni. Walicheza siku hiyo! Chausiku naye alicheza, mdomo wake una damu ya mfalme, na aliona fahari kuuacha bila kuufuta.

Mtama uliobaki wakauweka pamoja nyuma ya kichaka cha mibono, na Bi Kidimu akapewa kuulinda, kwani si yeye aliyewaamsha? Lakini mtama ulipungua kuliko matumbo yao yalivyokula. Walipomuuliza, akatikisa manyoya yake.

"Mnaniuliza mimi? Watu wa Kuchi bado wamo humu humu, wanaiba. Ulizaneni nyinyi kwa nyinyi."

"Tutawajuaje, dada, na vilemba hawana?"

"Wekundu wameumezea ndani. Mdonoe, tuone."

Wakamdonoa mmoja aliyekuwa karibu, jogoo mpole asiye na neno na mtu. Kikatoka chekundu. "Si nilisema!" Kidimu akapiga kelele. Kesho yake akadonolewa mwingine, kikatoka chekundu, na keshokutwa mwingine. Nchi nzima ilishangaa jinsi ukoo wa mfalme ulivyokuwa mkubwa. Kila aliyedonolewa alipatikana na hatia, na aliyemlilia alifuatia. Wengi hawakuamka tena.

Chausiku alidonoa na wenzake siku za mwanzo. Lakini ile tabia yake ya kutaka kujua ilianza kumsumbua. Akamnong'oneza jirani yake, "Mwenzangu, umewahi kumwona aliyetoka rangi nyingine?"

"Nyamaza, Chausiku. Watakudonoa."

"Na mbona Kidimu akishaanzisha, simwoni tena mpaka imekwisha?"

Jirani akahama pale alipokuwa.

Haukupita muda, Sikudhani akachomwa na mwiba kidoleni. Tone moja tu, lakini kwa kuku mweupe tone ni kama moto juu ya paa. Mama akamwambia, "Kunja mguu, uufiche tumboni, usiuteremshe hata wakikuita." Tembe akasimama mguu mmoja mchana kutwa, anatetemeka. Wakati wa kudonoana ulipofika, Bi Kidimu akapita mbele yake, akasimama.

"Na huyu malkia anayesimama mguu mmoja? Mdonoe, tuone." Kisha, kama kawaida yake, akajipenyeza nyuma ya umati akapotea.

Midomo ikageuka. Chausiku akaruka mbele ya binti yake, mabawa wazi.

"Ngojeni! Mpiga mbiu yuko wapi? Kila siku anatuonyesha wezi, basi leo naye aje adonoe wa kwanza. Twendeni tukamwite!"

Hilo likawaingia akilini. Wakaondoka wote kumwita, wakazunguka kichaka cha mibono, na hapo wakasimama kama waliomwagiwa maji. Bi Kidimu alikuwa ndani ya mtama mpaka shingoni, mkia juu. Aliposikia miguu alichomoa kichwa. Akafungua mdomo ajitetee, punje zikamdondoka. Gole lake, kile kifuko cha chakula shingoni, lilikuwa limejaa, linaning'inia kama la Kuchi.

Chausiku alivuta pumzi. Alidhani yamekwisha, ukweli umeonekana, sasa watarudi kuwa ndugu.

"Mtu wa mfalme huyo!" akaguta mmoja. "Mdonoe, tuone!"

Kikatoka chekundu, bila shaka. Kikawarukia waliokuwa mbele, na wa nyuma wakawaona wa mbele ni wekundu, wakawadonoa hao, nao wakageuka wakawadonoa wa pembeni. Chausiku akamsukuma Sikudhani, wakakimbia bila kutazama nyuma, wakapita mashamba, wakaingia jiko la kwanza waliloliona. Mama mwenye jiko alikuwa akikwangua sufuria. Alimwona tembe mweupe na damu yake, akachota masizi akampaka, wekundu ukapotea. Waliosalia wakawafuata, mmoja leo, wawili kesho, kwa kuwa pale wakianza kudonoana kulikuwa na wa kuwatenganisha kwa ufagio.

Na tangu siku hiyo kuku wako kwetu. Lakini ile kazi hawajaiacha: mmoja akitoka damu hata kidogo, wenzake humwandama mpaka wamuue, bado wanamtafuta mtu wa Kuchi. Ndiyo maana mwenye kuku akiona kidonda hukimbilia masizi. Yule mama aliwapenda sana, aliwamwagia mtama asubuhi na jioni, na hakudai mdomo wake utangulie. Sikudhani alinenepa. Sikukuu ilipofika, mama akaja na kisu, akamnyanyua yeye kwanza.