Aliyeingia Zizini Saa ya Kailula

Imepokewa kwa waliotutangulia kwamba siku jambo hili lilipofichuka, mbele ya zizi la wakfu la Wadi Sidri, walikuwapo hawa: Shekhe Mundhiri, imamu wa mji, Hanthala, msaga nafaka, mtu wa maneno mengi na moyo laini, Shaddadi, fundi wa kwato, aliyeitwa kutoka ng'ambo ya mlima, Bi Lubaba, mjane mtu mzima, na Jumana, mwanamke mgeni, akiwa na mtoto wake mchanga kifuani. Watu wengine wa mji walisimama nyuma yao, wamejibanza ukutani penye kivuli chembamba. Na alikuwapo farasi mwenyewe, Ghamama, ambaye siku hiyo hakuweza kusimama.

Wadi Sidri ulikuwa mji mdogo wa watu wacha Mungu, pembezoni mwa jangwa. Upande ule hapakuwa na tabibu. Anayemtaka ilimbidi avuke mlima kwa njia nyembamba ya mawe. Kwa hiyo mtu mwema mmoja, Mwenyezi Mungu amrehemu, alipokaribia kufa alimweka wakfu farasi wake jike, mwenye rangi ya mawingu, ili awavushe wagonjwa na wanawake wenye uchungu wa kuzaa. Ghamama aliwabeba wengi. Wanawake walisema kwamba uchungu ulipomshika mama aliye mgongoni, farasi yule alisimama mwenyewe, akangoja upite, ndipo akaendelea. Hakufundishwa na mtu.

Kisha mwaka mmoja, joto lilipoanza, akawa anachechemea.

Mwanzoni ilikuwa hatua fupi tu, kama mtu anayekanyaga changarawe bila viatu. Wakamtazama: hapana mwiba, hapana jiwe, hapana jeraha. Baadaye akawa anasimama kwa namna ya ajabu, miguu ya mbele ameinyoosha mbali, mwili ameuvuta nyuma, kana kwamba mbele yake pana shimo analoliona yeye peke yake. Aliyegusa kwato zake aliondoa mkono upesi, kwa sababu zilikuwa na moto. Wala hapakuwa na moto popote.

Lakini lililowatia watu hofu zaidi ni saa ya kailula. Katika nchi ile, jua likifika utosini, milango hufungwa na kila mtu hulala. Mji huwa mweupe, kimya, hata kuku hawatoki chini ya mikokoteni. Ndipo mlango wa zizi ulipoanza kusikika. Unafunguliwa polepole, unafungwa polepole. Kimya. Kisha unafunguliwa tena. Mwanamke mmoja aliyechungulia kwenye tundu la dirisha aliona upindo wa nguo ukipotea mlangoni, hakuona mguu wala uso. Mwingine alisikia mnong'ono, sauti ya mtu anayezungumza na asiyejibu. Na mbwa wa mji, waliozoea kuubwekea hata upepo, walikuwa wamelala njiani bila kuinua kichwa.

Watu waliamka alasiri, wakatazamana, wasiulizane. Na hali ya Ghamama ilizidi kuwa mbaya kila kukicha.

Hata Ijumaa moja, watu wakiwa msikitini, wanaume safuni na wanawake nyuma ya pazia, mlango ule ulilia. Zizi lilikuwa karibu, wote walisikia. Imamu alikata khutuba kwa pumzi moja, halafu akaendelea, ila sauti yake haikuwa ile ya kwanza.

Sasa, Jumana alikuwa ameingia mjini mwanzo wa joto lile lile. Mumewe alifia safarini, na msafara haukumngoja. Bi Lubaba ndiye aliyempa kibanda kilichoegemea ukuta wa zizi, akampa mkeka na chungu cha kupikia, na jioni alimpelekea maziwa bila kuambiwa. Jumana aliijua lugha ya mji kidogo tu. Mtoto wake hakulala mchana kwa joto, naye alimbembeleza kwa nyimbo za kwao, na nyimbo hizo zilipita ukutani saa ambayo watu hawakutaka kusikia sauti yoyote. Watoto wakaacha kucheza upande ule. Mama zao wakaacha kumsalimu.

Ndipo siku moja wanawake wawili wakamkuta zizini, amechutama, mtoto mgongoni, mikono imejaa tope, anapaka kwato za farasi huku midomo inachezacheza. Kabla ya magharibi mji mzima ulikwisha sema kwamba mgeni amemfunga farasi wa wakfu kwa uchawi.

Shekhe Mundhiri hakuwa mtu wa kuhukumu kwa pupa. Alituma ng'ambo ya mlima aitwe fundi wa kwato, na hiyo ndiyo siku tuliyoianza.

Shaddadi aliinua mguu mmoja mmoja, akagonga kwa kinyundo, akanusa, akaweka sikio. Mwisho alikaa juu ya visigino vyake.

"Hakuna usaha ndani, wala ukwato haukupasuka," akasema. "Anakula nini?"

"Majani makavu," akajibu Shekhe. "Na shayiri ya wakfu, kiganja kimoja asubuhi."

"Basi? Hicho tu?"

Shaddadi akazungusha macho kwa watu wote, akauliza tena, "Hicho tu?"

Shekhe akarekebisha kilemba chake.

"Basi mimi sijui."

"Fundi," akasema Hanthala, "umevuka mlima mzima kuja kutuambia hujui? Mbona hilo sisi tunalo hapa hapa, tele!"

"Na wewe ungeuvuka kwa tumbo hilo," akajibu Shaddadi, "leo tungekuwa na wawili wanaochechemea."

Watu wakacheka, lakini kicheko kilikatika ghafla, maana Ghamama pale chini alitoa mlio mrefu, mlio wa mtu kabisa. Mtoto wa Jumana akaanza kulia.

"Muulizeni mgeni!" ikatoka sauti ukutani.

Shekhe akamgeukia kwa upole. "Binti yangu, ulikuwa ukimfanya nini farasi?"

"Kwato zake zilikuwa moto, Shekhe," akasema Jumana. "Mwanangu alipopata homa nilimwekea kitambaa cha maji kwenye paji la uso. Huyu homa yake iko miguuni. Kitambaa cha kutosha sikuwa nacho. Nikachukua tope."

"Na maneno uliyokuwa ukiyasema?"

"Nilikuwa nambembeleza huyu mtoto."

"Na saa ya kailula, wewe ndiye unayeingia zizini?"

"Niliingia mara moja, hiyo mliyoniona. Lakini nawasikia wanaoingia. Kila siku nawasikia. Naziba masikio ya mwanangu."

Watu wakasogeleana. "Wanaoingia?" mmoja akauliza. "Kina nani?"

"Sijui, baba. Nyayo zao hazifanani."

Hapo hofu ikawashinda. Wakapiga kelele kwamba mwanamke anakiri mwenyewe, anaishi na majini ukuta kwa ukuta, aondoke kabla ya alasiri. Aliyejua njia za jangwa alijua maana yake. Maji ya karibu yalikuwa mwendo wa kutwa, jua lilikuwa linapanda, na mtoto alikuwa wa kunyonya.

"Mwenye kujua lolote na aseme," akasema Shekhe Mundhiri, "kabla sijatamka neno." Akangoja. Watu walitazama chini.

Na Bi Lubaba alitazama chini pamoja nao. Zamani, kabla Ghamama hajawekwa wakfu, binti yake Suhaila alifia mlimani akiwa na uchungu, kwa kukosa cha kumbeba. Tangu joto lilipoanza, Bi Lubaba alikuwa akipunguza shayiri ya chakula chake, na watu wakilala huingia zizini, huimimina horini, akanong'ona: "Ya Rabbi, hii ni ya Suhaila." Alikuwa amesikia kwamba sadaka ya siri ina daraja kubwa, akaapa moyoni kwamba hapana kiumbe atakayeijua. Hakudhani kwamba bakuli lake lingeweza kumdhuru farasi. Lakini alijua kwamba nyayo walizokuwa wakimtwika Jumana, nyingine zilikuwa zake. Akisema, alihofu atamnyang'anya marehemu mwanawe kitu pekee alichopata kumpelekea.

Akanyamaza.

Jumana hakubishana. Alifunga nguo zake kidogo, akamfunika mtoto kichwa kwa ushungi wake, yeye mwenyewe akabaki na jua. Halafu akaja na kile chungu, akakiweka miguuni pa mjane.

"Chungu chako, mama. Nimekiosha."

Bi Lubaba alikitazama kile chungu. Kilisuguliwa mpaka masizi yote yametoka, kimekuwa safi kuliko alivyokitoa.

"Ngojeni," akasema. "Ngojeni, jamani. Anayeingia zizini ni mimi."

Wakamgeukia. Akaeleza yote, shayiri, na Suhaila, na kiapo, huku machozi yanamtiririka kama mtu anayezika mara ya pili. "Hata mbwa hawabweki," akasema, "kwa sababu wananijua. Mngekuwa na akili mngejiuliza hilo. Na mimi ningekuwa na imani ningesema kabla huyu hajafunga mzigo wake."

Shaddadi alikuwa amesimama. "Bakuli kubwa kiasi gani, bibi?"

Akamwonyesha kwa mikono.

Fundi akatikisa kichwa. "Hilo peke yake haliwezi kumfikisha hapa."

Hanthala msaga nafaka alikaa chini taratibu, mavumbini.

"Mimi nampelekea kapu," akasema. Utani wote ulikuwa umemtoka. "Alimvusha mwanangu akapona. Nilisema nitamshukuru Mungu pasipo mtu kujua. Kila nikiingia namkuta anatafuna, nami sioni aliyempa. Nikasema hii ni riziki ya ghaibu. Na nyuma ya lile rundo la majani pana kitu kinapumua. Nilikuwa namimina shayiri, nakimbia."

"Ni mimi niliyekuwa pale," akasema Bi Lubaba. "Nilijificha. Nilisikia unavyohema, nikadhani ndiye jini."

"Na mimi," ikasema sauti ukutani, ya yule mwanamke aliyeona upindo wa nguo.

"Na mimi."

"Hata mimi, Mungu anisamehe."

Zilitoka moja moja, kwa aibu, kama watu wanaokiri wizi. Mwisho Shekhe Mundhiri alivua kilemba chake, akakiweka magotini.

"Mlango mnaousikia kwanza ni wangu," akasema. "Fundi aliuliza farasi anakula nini, nikajibu la wakfu, langu nikalinyamazia. Niliwataka nyinyi mseme, nisijiulize mwenyewe."

Shaddadi akawaeleza kwamba shayiri nyingi kwa mnyama aliyefungwa zizini, tena wakati wa joto, humharibia damu, na ubaya ule hushuka kwatoni ukawa moto. Mji mzima ulimlisha, kila mtu peke yake. "Na hilo tope la huyu mwanamke," akasema, "ndilo jema pekee alilotendewa tangu joto lianze. Binti, nenda kachukue jingine. Hanthala, kachote maji, tumbo litapungua."

Hanthala akaenda mbio.

Lilibaki jambo moja. Walipoulizana habari ya Ijumaa ile, mlango ulipolia wakati wa khutuba, hakupatikana wa kulichukua. Wote walikuwa msikitini, na Jumana alikuwa kisimani, watoto walimwona. Wakaulizana mara ya pili, kisha wakaacha. Pengine yupo aliyeificha siri yake mpaka mwisho. Pengine lilikuwa jingine. Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye.

Bi Lubaba alimwinamia Shekhe, akamwuliza kwa sauti ya chini, "Je, sadaka ya mwanangu ndiyo imepotea?"

Shekhe akamwinulia uso. "Ya shayiri siwezi kukusemea, Bi Lubaba, iko kwa Mwenyewe. Lakini hii uliyoitoa leo mbele ya macho yetu, mimi sijaona mtu akitoa ghali kuliko hii."

Basi mjane akakiokota kile chungu, akakifuta vumbi kwa upindo wa nguo yake, akamrudishia Jumana mikononi. Kisha akampokea mtoto, akasimama naye kivulini, ili mama yake apate kukanda tope.

Ndugu zangu katika imani, kuficha wema ni adabu baina ya mja na Mola wake, na heri yake ni kubwa. Lakini ukimwona mwenzako anabebeshwa lililo lako, naye ana mtoto mgongoni au hana, siri hiyo imekwisha kuwa si ibada tena. Ifungue, hata kama ndiyo hazina yako ya pekee. Mola wetu hakosi namna ya kuihifadhi.

Mvua ziliponyesha Ghamama alisimama tena, ila hakupanda tena mlima. Bi Lubaba alifariki mwaka uliofuata, na aliyemwosha na kumvika sanda ni Jumana.