Ufito wa Mbweha

Hapo zamani za kale, enzi kondoo wakijipikia uji wao wenyewe, Mbweha alifika kwa Dume Kirungu, mkubwa wa zizi.

“Hodi, hodi! Shikamoo, mzee. Zizi zuri hivi, mbona mmejaza vijikondoo?”

“Marahaba. Nifanyeje? Wanazaliwa hivyo.”

“Wataharibu mbegu! Weka ufito langoni. Mwanakondoo ambaye mgongo wake haugusi ufito, nipe nikamlee kwangu. Wewe baki na warefu, wazae warefu.”

Dume akapiga kwato, ko! ko! “Hayo ndiyo maneno!”

Basi, Mama Nashipai alikuwa na pacha. Nashipai aliugusa ufito. Mdogo wake, Sinyati, alisimama kwa ncha za kwato, wapi! Jirani yao, Mama Lemuta, ambaye mwanawe alikwishapita, akamsukumia bonge la udongo chini ya miguu, kimyakimya. Mbweha akaliona. Pwa! Akalipiga teke.

“Mzee wangu,” Mama Nashipai akalia, “huyu kamfuata bibi yake. Bibi alikuwa mfupi, lakini masika ile ya minyoo, kondoo warefu walikufa, yeye hata kuharisha hakuharisha!”

“Tuondolee kilio hapa! Sisi tunataka miili.”

Sinyati akageuka. “Mama, nitarudi lini?”

 Mama alimlamba masikio, kwanza hili, kisha lile, mpaka Mbweha akamvuta.

Masika ikaingia. Chwaa! Nyasi zikaota, na minyoo ndani yake. Warefu wakaharisha, taya zikavimba, wakaanguka mmoja mmoja, pu! Nashipai naye alikufa, kichwa kikiwa mapajani mwa mama yake. Mama Lemuta alikuja na kibakuli cha uji, naye alikuwa amemzika mwanawe asubuhi ile.

Dume Kirungu, akiwa amelala chali kwa udhaifu, akaagiza Mbweha aitwe.

“Turudishie wale wadogo! Kumbe wao ndio wenye damu ya kustahimili.”

Mbweha akajilamba midomo. “Wadogo? Aa, mzee! Walikuwa watamu.”

Akachungulia zizini. Hakuna aliyesimama, hakuna aliyekimbia. Mama Nashipai hakuinua hata kichwa.

Safari hii Mbweha aliingia bila kupiga hodi.

Wanangu, anayepima mbegu kwa urefu peke yake huumaliza ukoo wake kwa mkono wake.