Kwa Nini Fedha Hushika Weusi

Mmenuna kwa sababu nimewapa bangili za kusugua na nje kuna jua zuri la kutembea. Nuneni tu, lakini mikono isisimame. Majivu yachekecheni kwanza, maana chembe moja ya mchanga inatosha kuikwaruza fedha, na limau liwe kidogo. Nitawaambia kazi hii ilitoka wapi, na si hadithi ya kuchekesha.

Hapo kale fedha haikuwa na weusi. Bangili ikifungiwa kashani mwaka mzima ilitoka nyeupe vilevile, na ikivaliwa na mgonjwa au mzima haikubadilika. Hakuna aliyehangaika kuisugua.

Wakati huo, katika mji wa Ukwajuni, aliishi mjane aitwaye Mwanatumu. Alikuwa na binti mmoja tu, Mize, aliyeolewa mji wa mbali, safari ya punda ya siku kadhaa. Mwanatumu alivaa bangili nene ya fedha iliyochongwa maua, aliyovishwa siku ya harusi yake. Hakuivua akipika wala akilala, na Mize alikua akiisikia ikigonga mbuzi kila nazi ilipokunwa.

Mwaka mmoja Mwanatumu akashikwa na maradhi ya kukonda. Alikonda mpaka bangili ikawa inateleza yenyewe na kuanguka mkekani. Alijua hatapona, na alitaka jambo moja tu, kumwona mwanawe kabla ya kufa. Akamwita jirani yake, Faki, aliyekuwa akisafiri kuuza chumvi.

"Mpelekee Mize bangili hii," akamwambia. "Usimwambie naumwa, utamtia kiwewe njiani. Akiona imetoka mkononi mwangu, atajua aje."

Faki alikuwa mtu wa kushika neno, na mara hii ingekuwa heri alivunje. Alimkuta Mize katika pirikapirika za harusi ya wifi yake. Mize akaipokea bangili, akaigeuza juani. Ilimeremeta kama kitu kilichotoka kwa sonara jana.

"Mama yu hali gani?" akauliza.

"Anakusalimu sana," Faki akajibu, akitazama chini.

Mize akafurahi. Aliona kitu kinachong'aa namna ile hakiwezi kutoka kwenye nyumba yenye dhiki, akadhani mama yake amempa zawadi ya kuvaa harusini. Akaivaa, akacheza nayo ngoma mpaka shughuli ikaisha, kisha akakaa kidogo apumzike. Simlaumu sana. Wengi wetu tungekaa.

Huko Ukwajuni, Mwanatumu aliomba mkeka wake usogezwe uelekee mlangoni. Kila punda alipopita nje alijitahidi kuinua kichwa, na kila mara alikuwa punda wa mtu mwingine.

Mize alipofika, amembebea mama yake halua, alimkuta Faki kizingitini na wanawake wakikunja mkeka. Maziko yalikuwa yamekwisha.

"Baba Faki, ungeniambia," akasema.

"Aliniapisha, mwanangu. Alisema bangili itakuambia."

Mize akaketi jikoni, penye majivu yaliyopoa, akaivua bangili. "Ulikuwa mkononi mwake akikonda," akaiambia. "Ulimwona siku zote hizo, ukaja kwangu unang'aa." Akalia, machozi yakaidondokea, na pale yalipoangukia, fedha ikafifia, ikawa ya kijivu, kisha nyeusi. Siku hiyohiyo fedha zote zilizofungiwa makashani mji mzima zikashika weusi. Aibu ya moja ilizienea zote.

Mize akachota majivu ya jiko la mama yake, akakamua limau, akasugua kwa kitambaa mpaka jioni. Weupe ulirudi, lakini ndani ya mikato ya yale maua weusi ulibaki, naye akauacha.

Na tangu siku hiyo, fedha isipoguswa hushika weusi, ili anayefungua kasha aone muda uliopita. Ndiyo maana kwetu fedha ya mama haipelekwi kwa sonara kusafishwa. Binti huja mwenyewe, akakaa na mama yake, akaisugua palepale nyumbani. Na ukienda kwenu ukaikuta bangili ya mama yako imekuwa nyeusi, usimuulize nani ameiacha hivyo.