Nadhiri ya Miza Nje ya Mwamba

Hapo zamani, wala si zamani za mababu, ni zamani hizi hizi za mbao zenye matanga, alikuwepo binti akiitwa Miza. Anasimama juu ya ubao, anashika tanga kwa mikono miwili, upepo unamchukua juu ya maji utasema ana mbawa. Ubao ule aliachiwa na mgeni aliyemfundisha, naye akawa anafundisha wageni wengine. Ndio uliomlisha yeye na mama yake. Hana ubao mwingine. Likumbukeni hilo.

Kwao kuna mwiko, na nyie mnaujua hata mkijifanya wasomi: ukiitwa kutoka baharini na humwoni anayekuita, funga mdomo. Ukiitika tu, umekwenda.

Basi siku hiyo upepo mzuri, Miza akatoka mpaka nje ya mwamba. Ghafla upepo ukafa. Kimya. Kisha ukaja kwa upande mwingine, na wingu na mvua, mchana ukawa giza. Tanga likamwangusha, akapanda, likamwangusha tena. Nchi kavu haioni. Akaogopa hasa. Akamwita kaka yake, "Machano!" Kimya. Akamwita mchumba wake, "Vuai!" Kimya. Ndipo akapiga ukelele, "Atakayeniitikia, nadhiri, ubao huu wake!"

"Naam!"

Sauti ya Vuai, upande wa kushoto. Miza akageuza tanga huko. Akaita, ikaitika. Akaita, ikaitika. Ikampitisha kwenye mlango wa mwamba, ambao watu wanaukosa hata jua likiwaka. Akaita mara ya mwisho. Safari hii haikusema naam. Ilisema, "Labeka," kama aitikavyo mwanamke, na sauti, jamani, ilikuwa sauti yake mwenyewe Miza.

Tanga likamponyoka, akazama. Mtu akamkamata nywele, akamvutia ndani ya kihori, mtumbwi wake mdogo, na ubao akauburuta nyuma. Machano huyo, kalowa chapa.

Walipofika pwani Miza akauliza, "Vuai yuko wapi nimshukuru?"

Bi Mosi, mama yake Vuai, akamkodolea macho. "Vuai yupi, mwanangu? Vuai yuko kitandani, homa imempanda hajitambui. Lakini mvua ilipoanza akawa anaweweseka: naam, naam, njoo huku. Nikaingiwa na hofu, nikamziba mdomo kwa kiganja."

Mnanielewa? Mdomo ulikwisha kuzibwa. Nani aliyesema labeka?

Machano akaudai ubao: "Dada, nilikusikia tangu mwanzo. Sikuitika kwa ajili ya mwiko, lakini nilishika kafi nikafuata sauti yako. Kuitika ni mdomo tu? Bila mimi ungekuwa maiti."

Vuai naye, homa ilipomwachia, akadai: "Sikuja, sikatai. Lakini ulisema atakayekuitikia, na aliyekuitikia ni mimi. Mwiko nimeuvunja mimi, na sijui nitakuja kutakwa nini."

Wa tatu, yule wa labeka, hakuja kudai barazani. Miza ameuegemeza ubao ukutani, kila asubuhi anaukuta umelowa, ncha imegeukia baharini. Na kila maji yakijaa anasikia akiitwa, mara moja tu, kwa sauti yake mwenyewe: "Miza!" Kwanza iliita mwambani. Kisha ufukweni. Kisha uani, nyuma ya jiko.

"Mpe huyo anayekuita, mwanangu," mama yake akalia. "Njaa tutaizoea."

"Na kama si wake, mama? Nadhiri ukimpa asiye mwenyewe, hujaitoa."

Maji yalikuwa yanajaa tena. Machano yuko mlangoni, Vuai yuko mlangoni, na Miza kati yao amekumbatia ubao, kanga ameiuma kwa meno asije akaitika. Safari hii sauti iliita kutoka ndani, chumbani mwake.

Haya, msinitazame mimi. Yupo aliyekuja asiitike, yupo aliyeitika asije, na yupo huyo wa chumbani. Je, nani alistahili ubao ule?