Jinsi Ngiri Alivyopanda Jiwe la Upara

Paukwa!

— Pakawa!

Mnaitika kama watu waliokunywa uji wa jana. Paukwa!

— Pakawa!

Haya, sasa nimesikia. Na wewe uliyejikunja kule nyuma, acha kupiga miayo. Miayo ya leo ni ya Ngiri peke yake. Hadithi hii wengi wanaisimulia, lakini wakinisikia mimi wananyamaza.

Zamani za kale, kale ambayo hata bibi wa bibi yako alihadithiwa tu, moto ulipita nyikani. Vuuu! Ukala majani. Ukala vichaka. Ukala na waliokuwa vichakani. Ulipoondoka uliacha majivu, na uliacha watoto. Watoto wa swala, watoto wa digidigi, vifaranga vya kwale. Hawana baba, hawana mama.

Mama Kanga akawakusanya korongoni, akawafunika kwa mabawa yake. Lakini bawa haliliwi. Watoto wakatafuna magome, magome yakaisha. Wakalamba umande, umande ukakauka. Na mvua ilikuwa bado haijafikiria hata kuja.

Chakula kilikuwapo. Kilikuwa kwa Panya Buku. Tajiri yule, mashavu yake mifuko, na chini ya Jiwe la Upara ana ghala limejaa mbegu mpaka mlangoni. Wanyama wakamwendea, wakamwomba.

Panya Buku akahamisha mbegu kutoka shavu la kulia kwenda la kushoto. Akasema, "Kutoa nitatoa. Lakini bure sitoi. Nataka nione jasho. Watoke watatu, wa koo tatu. Wafungwe kamba moja viunoni. Wakimbie Mbuga ya Vumbi, waogelee Mto Mweusi, wapande Jiwe la Upara. Mimi nitakuwa nimekaa kileleni. Wakinifikia wote watatu, na kamba nzima, kabla jua halijazama, nafungua ghala. Akipungua mmoja, nafunga mlango. Kamba ikikatwa, nafunga mlango."

Mjanja huyo! Alijua mkimbiaji hapandi, mpandaji haogelei, na muogeleaji hakimbii.

Wanyama wakatazamana. Ndipo akatoka Ngiri. Kijana, meno nje, mkia juu kama mlingoti. Ngiri hakuulizwa. Lini Ngiri alisubiri kuulizwa?

"Mimi!" akasema. "Niwekeni mimi! Mbuga hiyo naimaliza kabla hamjafumba midomo. Mto naunywa. Jiwe naliruka!"

Pimbi alikuwa juu ya jiwe lake, tumbo juani. Akacheka, khe khe khe. "Jiwe unaliruka? Mimi nimezaliwa juu yake na bado natambaa."

"Basi njoo, mjomba, nikufundishe."

Wanyama wakacheka, uuwii! Pimbi akaona aibu kubaki. Akashuka ananung'unika.

Fisi Maji akatoa kichwa mtoni, sharubu zinadondosha maji. Akawatazama wale wawili, kibonge na mfupi. Akapumua. "Hawa wakiachwa peke yao watazama. Nifungeni na mimi."

Jioni ile Ngiri akapita korongoni. Watoto wanalia, nyii, nyii, nyii. Ngiri akapiga kifua. "Nyamazeni! Kesho mtakula."

"Ngiri, mwanangu," akasema Mama Kanga, "usiwaambie hivyo."

"Mama, mimi nikisema nimesema."

Watoto wakanyamaza. Wakaramba midomo. Wakalala. Ngiri akaenda zake shimoni, akasikiliza kule korongoni. Hakuna aliyelia. Kimya kile kikamkaa kifuani kama jiwe la kusagia, akageuka huku, akageuka kule, asipate usingizi.

Kukapambazuka. Wakafungwa kamba: Ngiri mbele, Pimbi katikati, Fisi Maji nyuma. Nyati akainua mguu awape ishara ya kuondoka.

"Ngojeni," akasema Pimbi. Akajilaza juu ya jabali.

"Mjomba, vipi?"

"Damu yangu bado ya baridi. Sisi ukoo wetu hatuendi popote kabla hatujaota jua. Baba hakuenda. Babu hakuenda."

"Mjomba, watu wanatungoja!"

"Na damu yangu inalingoja jua."

Basi wakasubiri. Watafanyaje? Kamba ni moja. Jua likapanda. Likampasha Pimbi mgongo, likampasha tumbo. Pimbi alipoinuka, ardhi ilikuwa imeshaanza kuunguza kwato.

Wakaondoka. Puku puku puku! Ngiri mkia juu, hatazami nyuma. Kamba ikakaza. Pimbi akaanguka, akabingirika vumbini, bingiri bingiri. Fisi Maji na miguu yake mifupi, chapu chapu chapu, ulimi nje.

"Ngiri!" akaita Fisi Maji. "Mdogo wangu! Unavuta nini, mkokoteni?"

Ngiri akageuka. Pimbi alikuwa mweupe kwa vumbi, macho tu ndiyo yaliyobaki. Ngiri akainama, akampakia mgongoni. Wakaenda. Puku... puku... Mzigo mdogo ukawa mkubwa. Mbuga ikazidi kuwa ndefu. Kila walipodhani wameona miti ya mtoni, ikawa ni joto tu linacheza.

Wamefika?

— Bado!

Wakafika mtoni. Mkia wa Ngiri ulikuwa umelala. Hakuna aliyewahi kuuona umelala.

"Haya," akasema Fisi Maji. "Ulisema utaunywa. Kunywa tuvuke kwa miguu."

Chubwi! Wakaingia. Pimbi akamkalia Ngiri kichwani, akamshika masikio yote mawili, akafumba macho. Ngiri akapiga maji kwa kwato, paa, paa, paa, na maji yakamwingia mdomoni, yakamwingia puani. Kweli aliunywa! Mto wote ulitaka kumwishia tumboni. Fisi Maji akaiuma kamba kwa meno, akavuta. Mkondo ukawarudisha. Akavuta. Ukawarudisha tena.

"Dada," akasema Ngiri, "niache nizame. Nimechoka."

"Mimi nimezaa watoto wanne kwenye mkondo huu huu. Usinieleze habari za kuchoka. Piga miguu."

Akapiga miguu. Wakatokea ng'ambo kama nguo zilizofuliwa vibaya. Ngiri akalala chini. Uchovu ukamwingia mifupani, ukatandika mkeka, ukasema hapa ndipo kwangu.

Wamefika?

— Bado!

Ndiyo, bado. Mnadhani ni nyinyi mliochoka?

Jiwe la Upara liko mbele yao. Kubwa, jeusi, laini kama kichwa cha mzee. Halina mti, halina hata unywele. Wanyama wamezungukia kivukoni, wamejaa pembeni kutazama, na Mama Kanga yupo na wale watoto. Juu kabisa, kadogo kama kokoto, amekaa Panya Buku anatafuna. Na jua limeanza kuteremka.

Pimbi sasa akawa bwana. Nyayo zake hushika mwamba kama ulimbo. Tii tii tii, akapanda. Fisi Maji akamfuata kwa tumbo na kucha, pole pole. Wakafika kwenye kijibonde, wakageuka, wakavuta kamba.

Ngiri akaweka kwato kwenye mwamba. Akapanda kidogo. Terereeee... pu! Chini. Akainuka. Akarudi nyuma, akaja mbio. Terereeee... pu! Chini tena, safari hii chali. Kwato za Ngiri zimeumbiwa udongo. Kwenye jiwe ni kama sahani juu ya sahani.

"Vuteni!" akasema.

"Tunavuta!" akasema Pimbi. "Wewe ni ng'ombe mzima!"

Sauti ikatoka juu, tamu kama asali. "Kijana! Umejitahidi. Kata kamba uende ukapumzike. Nani atakulaumu?"

Ngiri akaitazama kamba. Meno yake ni makali, pigo moja tu. Akawatazama wale watoto. Hawakuwa wanalia. Walikuwa wanaramba midomo.

Alivyotamani walie!

"Ngiri," akaita Pimbi kutoka juu. "Panda kama unavyokula."

Ngiri akashtuka. Sasa nisikilizeni vizuri. Ukoo wa Ngiri ukila hupiga magoti. Shingo yao fupi, nyasi ziko chini, watafanyaje? Toka utotoni wana sugu magotini, ngumu, zina mikwaruzo kama gome la mti. Lakini Ngiri huyu, na majigambo yake yote, aliona haya. Alikuwa akila nyuma ya kichaka, mtu asimwone amepiga magoti.

"Mjomba, nani kakwambia ninavyokula?"

"Mimi nakaa juu ya jiwe. Unadhani kichaka kina paa?"

"Lakini hapa? Mbele za watu?"

"Mbele za watu," akasema Fisi Maji. "Mikono inanikatika, mdogo wangu. Amua."

Ngiri akasimama. Akamtazama Nyati. Akawatazama Fisi wa nchi kavu na Nyani, wale wenye midomo. Jua likateremka kidogo. Akakunja mguu wa kulia. Akakunja wa kushoto. Akapiga magoti.

Ukasikika mlipuko wa kicheko! "Ngiri anaomba!" akapiga kelele Nyani. "Tazameni, kidume anaomba! Tukusamehe nini, baba?"

Ngiri akasogeza goti. Kwaruu. Goti likashika. Akasogeza la pili. Kwaruu. Likashika. Miguu ya nyuma ikasukuma. Juu wakavuta. Kwaruu, kwaruu. Kule chini Fisi anacheka mpaka anajishika mbavu. Kwaruu. Sugu zikachanika. Kwaruu. Damu ikaacha mstari mwekundu kwenye jiwe jeusi. Ngiri akasukuma tu. Maneno yote aliyokuwa nayo aliyamaliza jana.

Wamefika?

— Bado!

Semeni taratibu, mnamchosha.

Wamefika?

— Bado...

Jua lilikuwa limegusa ukingo, jekundu, wakati pua ya Ngiri ilipogusa miguu ya Panya Buku. Pimbi, Fisi Maji, Ngiri. Watatu. Kamba nzima.

Panya Buku akaacha kutafuna. "Aa-aa," akasema. "Hii siikubali. Nilisema kupanda. Huku ni kutambaa. Na kwa magoti!"

Nyati akaguna kule chini, jiwe likatetemeka. "Panya Buku. Ulitaka jasho. Yule ametoa na damu. Fungua, au nije nifungue kwa kwato zangu."

Panya Buku akameza mate, na mbegu mbili tatu. Akashuka akafungua. Shwaaaa! Mbegu zikamiminika, uwele, mtama, karanga. Watoto wakaruka, wakaingia humo vichwa chini, mikia juu. Hata Nyani akanyamaza. Kicheko hakiendi pamoja na sauti ya mtoto anayetafuna.

Ngiri wakamteremsha kwa kamba ile ile, mzima mzima, kama gunia. Wakamlaza ubavu. Wakamwekea chungu ya mbegu mbele yake.

"Kula, mwanangu," akasema Mama Kanga.

Ngiri akataka kula. Ili ale lazima apige magoti. Akakunja mguu, akaurudisha. Magoti yalikuwa yamevimba kama maboga. Akalaza kichwa chini. "Nitakula kesho," akasema.

Mtoto wa digidigi akamsikia. Akachota mbegu kwa mdomo wake mdogo, akaja, akazitia mdomoni mwa Ngiri. Akarudi akachota tena. Mtoto wa swala naye akaja. Na kifaranga cha kwale, punje moja moja. Wakapanga mstari.

Nyati akamwinamia. "Haya, Ngiri, tuambie. Jiwe uliliruka?"

Wanyama wote wakasikiliza. Ngiri akafungua mdomo. Punje ikaingia. Akatafuna. Akafumba macho, akalala pale pale, na mbegu nusu iko shavuni.

Basi sikieni, wakubwa kwa wadogo, maana hili sitalisema mara mbili. Majigambo hayamshibishi mtoto wa mtu. Na anayepiga magoti ili mwingine apate kula, goti lake si la aibu. Aibu ni ya anayecheka akiwa ameshiba.

Hadithi yangu imefika kileleni, na kileleni ndipo inapoishia. Anayetaka kushuka, ashuke mwenyewe.