Pamba Shavuni

Wapo watu wenye ulimi mwepesi kwa kila jambo isipokuwa swali. Watasalimia, watatania, watabishana mpaka mishipa ya shingo iwasimame, lakini kumwambia mwenzao "nifundishe" kwao ni sawa na kunyweshwa shubiri. Afadhali wachungulie, wakisie, waokote ujuzi vipande vipande, halafu wajione werevu. Mtu wa namna hiyo alikuwapo katika hoteli moja kubwa, na wenzake walikuwa wamembandika jina la Msasa.

Jina lenyewe halikutoka mbali. Ndevu zake zilikuwa ngumu, zimejikunja, na akizinyoa alfajiri, adhuhuri zimeshachomoza tena na kumwachia vipele kuanzia kidevuni hadi kooni. Ukiacha uso, Msasa alikuwa mfanyakazi wa kupigiwa mfano. Huu ulikuwa mwaka wake wa sita akibeba mizigo ya wageni, na mgeni yeyote aliyerudi mara ya pili alishangaa kusikia Msasa akimwita kwa jina lake na kumtajia chumba alicholala safari iliyopita.

Aliyemkosesha raha alikuwa mbeba mizigo mwenzake, waliyemwita Yai kwa jinsi uso wake ulivyokuwa laini. Waliajiriwa siku moja, wakavaa sare za rangi moja, wakawa wanakula meza moja. Lakini kila asubuhi, kabla ya zamu kuanza, Msasa alikumbushwa kwamba wao si sawa. Msimamizi wao, mama mwembamba wa umbo na mnene wa sauti, aliwapanga wanaume wote ukutani na kupitisha kipande cha pamba kwenye mashavu yao. Pamba ikiteleza, unakwenda kazini. Ikiacha nyuzi, unarudi bafuni huku wenzako wakikusindikiza kwa vicheko. Ndiyo maana walimwita Bi Pamba, ingawa hakuna aliyethubutu kulitamka jina hilo akiwa karibu.

Kwa Yai pamba iliteleza siku zote. Kwa Msasa ilinasa, na siku moja ilinasa hasa.

"Baba wewe," Bi Pamba alisema akimtazama kwa makini, "leo nimekuotesha mvi."

Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Yai naye alitabasamu, na tabasamu hilo ndilo lililomchoma Msasa kuliko vicheko vyote. Alilibeba rohoni wiki nzima. Alimwonea Yai gere waziwazi: akila alimtazama shavu, akizungumza alimtazama shavu, na mgeni yeyote aliyemchekea Yai, Msasa aliamini kwamba ni lile shavu lililochekewa.

Mambo yalipamba moto nafasi ilipotokea mapokezini. Kwa Msasa hiyo haikuwa nafasi ya fahari tu. Daktari alikuwa amemwambia bila kumung'unya maneno kwamba mgongo wake hautastahimili masanduku mwaka mwingine. Ama apate kazi ya kusimama nyuma ya meza, ama arudi nyumbani akauguze kiuno. Waliofikiriwa walikuwa wawili tu, yeye na Yai.

"Kichwa cha kazi hii unacho wewe," Bi Pamba alimwambia faraghani. "Yule mwenzako majina ya wageni yanamtoka kama maji kwenye chujio. Lakini mgeni akiingia huanza kuona uso. Ijumaa ya mwisho wa mwezi nitapitisha pamba. Ikiteleza, koti la mapokezi ni lako."

Jioni alimsimulia mkewe. Mkewe alicheka kidogo, akasema, "Sasa tabu iko wapi, baba watoto? Si umuulize huyo Yai ananyoaje?"

"Nimuulize nani? Yule?" Msasa aliruka kama aliyekalia kaa la moto. "Bora ndevu zinifike magotini!"

"Haya. Kufa na tai shingoni," mkewe alimjibu, akaendelea kukunja nguo.

Yai alikuwa na desturi ya kunyolea kazini, katika bafu la wafanyakazi, kwa kuwa huko maji ya moto hayakukatika. Mlango wa bafu hilo ulikuwa na ufa karibu na bawaba. Jumanne moja, zikiwa zimebaki dakika kumi zamu ianze, Msasa alipita pale, akatazama kushoto na kulia, akainama kujitia anafunga kamba za viatu. Jicho likaenda ufani. Yai alikuwa na povu jeupe usoni, akivuta wembe taratibu mno, kana kwamba shavu ni la mtu mwingine.

"Kumbe ni wembe na povu!" Msasa alijisemea. Moyo ulimdunda kwa furaha ya mwizi.

Jumatano alijipaka povu hadi puani, akajikwangua kwa wembe. Ndevu zake nene zilikataa kukatika kwa pigo moja, akarudia mara tatu, mara nne. Pamba ilinasa kidogo kuliko kawaida, lakini vipele viliongezeka maradufu. Kuna siri nyingine, aliwaza. Huyu mjanja ananificha. Hakujiuliza mtu anamfichaje asiyemuuliza.

Wiki iliyofuata aliwahi mno kazini, saa nzima kabla ya zamu, akarudi kwenye ufa wake. Safari hii Yai alikuwa na uso mkavu kabisa, wala hakuna povu. Mkononi alikuwa na mashine ya umeme, akiizungusha kidevuni huku ikinguruma kwa sauti ya nyuki. Msasa alitamani kuendelea kutazama, lakini mfagiaji alitokea na ndoo yake, ikabidi aondoke akipiga mluzi wa mtu asiye na hatia.

Sasa akapiga hesabu zake. Kwanza niliona wembe, kisha nimeona mashine. Basi ni wembe kwanza, mashine baadaye! Hakujua kwamba Jumanne ile yeye ndiye aliyechelewa, akakuta mwisho wa shughuli, na safari hii aliwahi, akakuta mwanzo wake. Mtu aliyelewa wivu hakumbuki kutazama saa.

Mchana wa siku hiyo hiyo, wakiwa mezani, Yai alimsogelea. "Ndugu yangu, hizo ndevu zinakutesa bure. Ukipenda, naweza..."

"Nimekuuliza?"

Yai aliinua mikono juu. "Basi, yaishe. Samahani, kaka."

Msasa aliondoka na sahani yake, kifua kimemjaa. Tangu lini mshindani akampa mwenzake mkuki? Anataka kunipoteza njia, nisilivae lile koti! Alizidi kumchukia kwa wema ule kuliko alivyomchukia kwa ulaini wa uso. Husuda ni ugonjwa wa ajabu, jamani. Aliyeupata huletewa chakula, naye akaona sumu.

Ijumaa yenyewe ilifika. Msasa alikuwa ameazima mashine ya shemeji yake, akaificha ndani ya kiatu ili mkewe asimcheke. Alfajiri alijifungia bafuni. Alianza na povu, akapitisha wembe kufuata ndevu, akaurudisha kinyume chake, mpaka ngozi ikawa nyekundu na laini kama ya mtoto mchanga. Angeachia hapo, huenda pamba ingemhurumia. Lakini tamaa ya kumpita Yai ilimshika mkono. Aliiwasha mashine, uso ungali majimaji, akaikandamiza.

Mashine ikauma. Alihisi moto kooni, moto mashavuni, moto chini ya pua. Akajifariji kwamba dawa chungu ndiyo iponyayo, akazidi kukandamiza.

"Mama yangu!" mkewe alipiga kelele alipomwona akitoka. "Nani amekuparua hivyo?"

"Itatulia nikifika," alimjibu, na kutabasamu kwenyewe kulimuuma.

Haikutulia. Alipofika kazini uso ulikuwa umevimba, umejaa vidonda vidogo visivyohesabika. Bi Pamba alipitisha pamba kwa Yai, ikateleza. Alipofika kwa Msasa alisita, kisha akaigusisha taratibu sana. Pamba iliondoka na madoa ya damu. Hakuna aliyecheka siku hiyo.

"Jamani," Bi Pamba alisema kwa sauti ndogo ambayo hawakuwahi kuisikia kwake. "Nilitaka iwe wewe. Nenda kwa muuguzi akusafishe."

Alipotoka kwa muuguzi, Yai alikuwa nyuma ya meza ya mapokezi, koti jeusi limemkaa barabara. Uvumilivu ukamwishia Msasa. Alimwendea moja kwa moja.

"Furahi! Wewe umezaliwa na ngozi ya bahati, sisi wengine tumezaliwa na miiba!"

Yai hakukasirika. Alitoa pochi, akachomoa picha ndogo iliyokunjika pembeni. Ndani yake alikuwamo kijana mwenye kidevu kilichojaa vipele, vibaya kuliko vya Msasa.

"Huyu nani?"

"Mimi, mwaka mmoja kabla hatujaajiriwa. Nilikuwa naona haya hata kutoka nje. Siku moja nikamuuliza kinyozi wa mtaani kwetu, akaniambia."

Msasa aliitazama picha ile muda mrefu. Neno alilokuwa amelikalia mwezi mzima likamtoka lenyewe. "Alikwambiaje?"

"Mashine kwanza, uso ukiwa mkavu, kuzipunguza tu. Usikandamize. Halafu taulo la maji ya moto mpaka zilainike. Kisha povu, na wembe mara moja tu, kufuata zinavyoota. Unamalizia na maji baridi."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu, kaka. Nilitaka kukwambia siku ile mezani."

Maelezo yote yalikuwa yamechukua muda wa kunywa glasi moja ya maji. Msasa alisimama pale, uso ukimwaka, asijue amkasirikie nani sasa. Gari likasimama mlangoni. Mgeni akashuka na masanduku manne makubwa, na Yai, akiwa bado hajazoea koti lake, akagonga kengele ya kumwita mbeba mizigo. Aliyekuwa zamu alikuwa Msasa. Akainama, akashika mgongo kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akanyanyua sanduku la kwanza.

Kweli, asiyeuliza hanalo ajifunzalo.